Kinga mbili za uzazi: Zipi huungana na zipi hugongana

KATIKA wadi ya Mji wa Kale/Makadara, kisiwani Mombasa, mwanamke anayetaka kupanga uzazi hahitaji kusafiri mbali. Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali, zahanati za umma zipo, na maduka ya dawa yametapakaa katikati mwa mji. Popote aendapo, aghalabu ataulizwa swali moja: anataka njia gani? Atachagua sindano, au tembe, au vijiti vya kupandikizwa mkononi, kisha atarudi nyumbani akiamini kwamba amemaliza.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, njia hiyo moja inamtosha? Ikiwa haimtoshi, aiunganishe na ipi?

Makala haya yanalijibu swali hilo. Yanaeleza kwa nini njia moja huteleza, ni njia zipi zikiwekwa pamoja huongezeana nguvu, ni zipi hazisaidiani chochote, na ni zipi hudhuriana. Kanuni ya msingi ni moja, na msomaji akiishika atayaelewa mengine yote: njia mbili hukinga zaidi ya moja pale tu ambapo kila mojawapo hushindwa kwa sababu tofauti na mwenzake.

KWA NINI NJIA MOJA HUTELEZA

Kila njia ya kupanga uzazi ina sura mbili. Ya kwanza ni uwezo wake inapotumiwa bila kosa hata mara moja. Ya pili ni uwezo wake mikononi mwa binadamu wa kawaida, ambaye husahau, huchelewa, husafiri, huugua na wakati mwingine hukosa nauli.

Takwimu ambazo wataalamu wengi huzitegemea, na ambazo asili yake ni Marekani, zinaonyesha tofauti hiyo. Miongoni mwa wanawake 100 ambao wenzao hutumia kondomu za kiume kwa mwaka mmoja, wapatao 13 hushika mimba katika matumizi ya kawaida. Kondomu hizo zikitumiwa sawasawa kila mara, idadi hushuka hadi 2. Kwa tembe ni wanawake 7 katika matumizi ya kawaida, na chini ya 1 bila makosa. Kwa sindano ya kila miezi 3 ni wanawake 4. Mwanamume anapojiondoa kabla ya kumwaga, wanawake wapatao 20 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka, na kwa wanaohesabu siku ni kama 15.

Kwa upande mwingine zipo njia ambazo hazimwachii mtumiaji nafasi kubwa ya kukosea. Vijiti huacha mwanamke 1 kati ya 1,000 akipata mimba katika mwaka wa kwanza. Koili ya shaba huacha chini ya 1 kati ya 100, na kufunga uzazi kwa mwanamke au mwanamume vilevile. Wasiotumia kinga yoyote, 85 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka.

Somo la kwanza ni kwamba udhaifu mkubwa wa tembe, kondomu na hata sindano hautokani na dawa wala mpira, bali na matumizi. Ndiyo maana anayetumia vijiti au koili hahitaji njia ya pili kwa ajili ya kuzuia mimba. Akihitaji ya pili, ni kwa sababu ya magonjwa. Lakini anayetumia tembe, sindano, kondomu au kuhesabu siku ana pengo ambalo njia ya pili inaweza kuliziba.

HESABU YA KINGA MBILI

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hesabu ya uzazi inaafikiana nao.

Tuchukue mke anayemeza tembe na mume anayevaa kondomu kila mara. Tembe pekee huacha mimba 7 kati ya 100, na kondomu pekee huacha 13. Ikiwa kosa la tembe halihusiani na kosa la kondomu, mimba hutokea tu pale ambapo yote mawili yameshindwa kwa wakati mmoja. Asilimia 7 ya asilimia 13 ni chini ya asilimia 1. Wawili hao, kwa njia mbili ambazo kila mtu huziona kuwa za kawaida, wanaikaribia kinga ya koili. Kondomu na sindano kwa hesabu hiyo hiyo huacha kama mimba 1 kati ya 200. Kondomu pamoja na mwanamume kujiondoa huacha kati ya 2 na 3 kwa kila 100.

Hata hivyo, hesabu hii ina sharti lake. Mtu aliyechoka hadi akasahau tembe huenda ndiye atakayesahau kondomu usiku uo huo. Wapo pia wanaoongeza njia ya pili kisha wakailegeza ya kwanza, wakijiambia kwamba nyingine itawalinda. Atumiaye hivyo ana nusu mbili, na nusu mbili za kinga hazifanyi kinga nzima. Idadi halisi ya mimba kwa hiyo huwa juu kidogo kuliko hesabu ya karatasi, ijapokuwa bado huwa chini sana kuliko ya njia moja.

NJIA ZINAZOUNGANA VYEMA

Kondomu na njia ya homoni au koili. Huu ndio muungano ambao wataalamu huupendekeza zaidi, nao huitwa kinga maradufu. Tembe, sindano, vijiti na koili huzuia mimba tu. Hakuna hata moja kati yake inayozuia virusi vya Ukimwi, kaswende, kisonono au klamidia. Kondomu, ya kiume au ya kike, ndiyo njia pekee inayofanya kazi zote mbili, lakini kwa mimba si imara kama wenzake. Zikiwekwa pamoja, kila moja hufunika pengo la mwenzake. Zaidi ya hayo, moja iko mikononi mwa mwanamke hata mume asipokubali, na nyingine huhitaji maafikiano ya wawili.

Kondomu na kuhesabu siku. Njia hii huwafaa wasiotaka homoni. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32 huhesabiwa kuwa anaweza kushika mimba kuanzia siku ya 8 hadi ya 19, siku ya kwanza ya hedhi ikiwa ndiyo ya 1. Wapo wanaotumia shanga za rangi kuzihesabu. Sababu ya dirisha hilo kuwa pana ni kwamba mbegu za mwanamume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai huishi takriban siku 1.

Hapa wengi hukosea. Wanaovaa kondomu katika siku za hatari pekee hawana kinga mbili katika siku hizo. Wana kondomu peke yake, tena katika siku ambazo kupasuka kwake ni mimba. Wanaotaka kinga mbili za kweli huvaa kondomu siku zote, na katika siku za hatari hujizuia kabisa au huongeza jambo jingine.

Njia za asili zenyewe kwa zenyewe. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, hukubali njia za asili tu. Hata humo muungano upo: mwanamke anayepima joto la mwili kila asubuhi na wakati uo huo kuchunguza ute wa ukeni hupata dalili mbili badala ya moja. Wenye kufanya hivyo bila kosa hupata mimba chini ya 1 kati ya 100 kwa mwaka. Lakini njia hii hudai mafunzo, nidhamu na mume mvumilivu.

Kujiondoa na njia nyingine. Waislamu wa Mji wa Kale huijua kwa jina la azl. Hadithi ya Jabir bin Abdullah, iliyomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba masahaba waliifanya zama za Mtume. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijadili katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din na kuiona kuwa inaruhusiwa. Wanazuoni wengi waliweka sharti la ridhaa ya mke. Wanazuoni wengi wa leo huzipima njia za muda kwa kipimo hicho hicho, ilhali kufunga uzazi moja kwa moja bila sababu ya kiafya hupingwa na wengi wao. Kitabibu, azl peke yake ni dhaifu, kwa kuwa majimaji yanayotangulia huweza kubeba mbegu. Ikiongezwa juu ya kondomu au tembe, huwa msaada usiogharimu chochote.

Kunyonyesha na njia nyingine. Mama aliyejifungua hukingwa kwa asilimia 98 na maziwa yake mwenyewe, mradi masharti 3 yatimie kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonyeshwa maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Mtoto akianza kupewa uji au maziwa ya kopo akiwa na miezi 3, ndipo hapo. Kosa la kawaida ni kungoja hedhi irudi kwanza. Yai hutoka kabla ya hedhi, na mama anaweza kubeba mimba nyingine bila kuona tone la damu. Kwa hiyo ni busara kuanza njia ya pili mapema, kabla kunyonyesha hakujalegea. Vijiti na tembe zenye homoni moja huruhusiwa hata kwa anayenyonyesha mtoto mchanga. Sindano hungoja wiki 6 baada ya kujifungua, na tembe zenye homoni mbili hungoja miezi 6.

KINGA YA PILI YA MUDA

Si lazima njia ya pili idumu. Mara nyingi huhitajika kwa siku chache tu, na ni katika siku hizo ambapo mimba nyingi zisizotarajiwa huingia.

Anayeanza sindano au vijiti baada ya siku 7 za mwanzo wa hedhi atumie kondomu kwa siku 7 zinazofuata. Tembe zenye homoni mbili zikianzwa baada ya siku 5 za mwanzo, ni siku 7 vilevile. Tembe za homoni moja huhitaji siku 2. Koili ya shaba hufanya kazi tangu dakika inapowekwa.

Aliyesahau tembe 1 au 2 ameze mara tu akumbukapo na kuendelea kama kawaida. Aliyesahau 3 au zaidi ameze, kisha atumie kondomu hadi atakapokuwa amemeza tembe kwa siku 7 mfululizo. Kama ni katika wiki ya tatu ya pakiti, amalize zilizo na dawa na kuanza pakiti mpya kesho yake bila kupumzika. Aliyetapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza ameze nyingine.

Anayedungwa sindano ya miezi 3 anaweza kuchelewa hadi wiki 4 na bado akadungwa bila shaka. Akipitisha hapo, muuguzi ahakikishe kwanza kuwa hana mimba, na baada ya sindano atumie kondomu siku 7.

Wanaume pia wana kipindi chao. Aliyefungwa mirija ya mbegu huendelea kubeba mbegu zilizobaki kwa majuma kadhaa. Inampasa yeye au mkewe atumie njia nyingine kwa miezi 3, na inapowezekana apimwe kuhakikisha kwamba mbegu zimekwisha. Waliodhani kwamba upasuaji umemaliza kazi siku ile ile wameshangazwa na mimba, na baadhi ya ndoa zimetiwa shaka bure.

SOMO LILILOTOKA MOMBASA

Mji huu una nafasi yake katika historia ya jambo hili. Huduma za kupanga uzazi nchini Kenya zilianzishwa na vikundi vya hiari mjini Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1950, na mwaka 1967 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango rasmi wa kitaifa wa uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4, na asilimia 57 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa.

Lakini mchango mkubwa wa Mombasa ulihusu swali la kinga mbili. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walianza kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliohudhuria zahanati ya manispaa ya Ganjoni, papa hapa kisiwani. Walipochapisha matokeo ya miaka 10 mnamo 2004, yakihusu wanawake takriban 1,500, waliripoti kwamba waliotumia sindano ya kupanga uzazi waliambukizwa virusi vya Ukimwi karibu mara 1.8 ya wale wasiotumia homoni.

Habari hiyo ilizua mjadala wa miaka 15. Wengine waliona sindano ndiyo chanzo. Wengine walisema tofauti huenda imetokana na tabia: anayedungwa sindano haogopi mimba tena, basi huacha kondomu. Mnamo Februari 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa tangazo kwamba mwanamke aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa na anayetumia sindano ashauriwe kwa mkazo kutumia kondomu pia, kila mara.

Jibu lilikuja Juni 2019. Utafiti uliowahusisha wanawake 7,829 nchini Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, ambako ulifanyika Kisumu, uliwagawa kwa bahati nasibu katika makundi 3: sindano, koili ya shaba na vijiti. Haukupata tofauti kubwa ya maambukizi kati ya makundi hayo. Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliondoa vikwazo, na sindano ikaruhusiwa kwa wanawake wote, hata walio katika hatari ya kuambukizwa.

Wapo waliosoma nusu ya habari hiyo na kushangilia. Nusu ya pili ni nzito zaidi. Katika makundi yote 3, wanawake karibu 4 kati ya 100 waliambukizwa virusi kila mwaka, ijapokuwa wote walipewa ushauri na kondomu. Njia yao ya uzazi haikuwadhuru, wala haikuwakinga dhidi ya virusi. Funzo lililoanzia Ganjoni linabaki pale pale: kinga ya mimba ni jambo moja, kinga ya maradhi ni jingine, na mwenye kuzihitaji zote azitafute zote. Tangu mwaka 2017 Kenya pia hutoa tembe za kumeza kila siku kuzuia virusi kwa wasioambukizwa, ziitwazo PrEP. Hizo nazo zinaweza kuunganishwa na njia yoyote ya kupanga uzazi, lakini hazizuii mimba wala magonjwa mengine ya zinaa.

Mombasa ilitoa funzo jingine. Katika utafiti ulioandikisha wanawake wafanyao biashara ya ngono mwaka 2016 na 2017 na kuchapishwa 2020, kundi moja lilitumiwa mafunzo ya uzazi kwa ujumbe wa simu. Mimba zisizotakikana hazikupungua; makundi yote mawili yalipata takriban 15 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Kujua peke yake hakutoshi. Lazima njia yenyewe iwepo, iwe karibu, na anayeihitaji awe na sauti ya kuitumia.

DAWA ZINAPOGONGANA NA KINGA

Kuna kundi la watu ambao kwao njia ya pili ni ya lazima, na huenda hawajui. Hao ni wanaomeza dawa zinazolifanya ini livunje homoni haraka kuliko kawaida.

Dawa mashuhuri kati ya hizo ni efavirenz, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nguzo ya matibabu ya virusi vya Ukimwi. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha zaidi ya wanawake 24,000 ulipata kwamba wenye vijiti waliomeza efavirenz walishika mimba mara 3 zaidi ya wenye vijiti waliomeza nevirapine. Nchini Uganda, katika utafiti wa mwaka 2016, wanawake 3 kati ya 20 wenye vijiti na waliomeza efavirenz walipata mimba kabla ya mwaka kumalizika. Homoni katika damu yao ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu.

Tusikimbilie kuwang'oa watu vijiti. Katika utafiti huo wa Kenya, wenye vijiti na efavirenz bado walipata mimba chache kuliko waliotumia sindano. Suluhisho ni kuongeza kondomu, kuhamia koili ya shaba, au kubadilisha dawa. Tangu mwaka 2018 Kenya imewahamisha wagonjwa wengi hadi dolutegravir, ambayo haigongani na vijiti.

Dawa ya pili ni rifampicin, ambayo imo katika matibabu ya kifua kikuu yanayodumu kwa kawaida miezi 6. Hupunguza nguvu ya tembe na vijiti. Baadhi ya dawa za kifafa, kama carbamazepine na phenytoin, hufanya vivyo hivyo. Sindano ya miezi 3 na koili ya shaba haziathiriwi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza tembe za uzazi na aongeze kondomu katika muda wote wa matibabu na kwa wiki 4 baadaye.

MIUNGANO YA KUEPUKWA

Kondomu mbili kwa pamoja. Wapo wanaovaa mbili wakidhani wameongeza unene wa ukuta. Wataalamu hawashauri jambo hilo, kwa kuwa mpira husuguana na mpira. Kondomu ya kiume na ya kike vilevile zisitumiwe pamoja.

Kondomu na mafuta. Hili linatuhusu sana sisi watu wa Pwani. Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka na losheni huudhoofisha mpira wa kondomu za kawaida hadi ukapasuka. Anayehitaji ulainisho atumie ule wa maji unaouzwa katika maduka ya dawa.

Kondomu na dawa ya kuua mbegu. Zamani muungano huu ulisifiwa. Dawa iliyotumika ilikuwa nonoxynol-9. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1992 uliona kwamba haikuwakinga wanawake na virusi, na vidonda vya ukeni viliongezeka. Mwaka 2002 utafiti wa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand ulithibitisha kwamba kwa wanaoitumia mara kwa mara huongeza hatari ya maambukizi. Mwanamke aliye katika hatari ya virusi asiitumie, wala kondomu zilizopakwa dawa hiyo.

Homoni juu ya homoni. Kumeza tembe huku umedungwa sindano, au kudungwa huku una vijiti, hakuongezi kinga inayoonekana. Huongeza homoni mwilini tu. Njia hizo mbili hufanya kazi kwa namna moja. Daktari anaweza kuagiza tembe kwa muda mfupi ili kutuliza damu isiyokatika kwa mwenye vijiti, lakini hayo ni matibabu, si kinga ya ziada.

IKIWA MAMBO YAMEHARIBIKA

Kondomu ikipasuka, jambo la kwanza ni kuuliza: je, njia ya pili ilikuwepo? Mwenye vijiti, koili au sindano ambayo muda wake haujapita hana haja ya hofu ya mimba. Asiyekuwa nayo ana tembe za dharura, ambazo wengi nchini Kenya huziita P2. Zimezwe mapema iwezekanavyo, vyema ndani ya saa 72. Zinaweza kutumika hadi siku 5, ila nguvu hupungua kadiri saa zinavyopita. Huchelewesha yai kutoka, wala haziharibu mimba ambayo imekwisha kutungwa. Anayemeza efavirenz au rifampicin amwambie mhudumu, kwani dawa hizo huzidhoofisha tembe za dharura pia. Kinga ya dharura iliyo imara kuliko zote ni koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5, nayo hubaki kuwa kinga kwa miaka 10 au zaidi.

P2 si njia ya kila wiki. Anayejikuta akiinunua kila mwezi anahitaji njia ya kudumu zaidi, si pakiti nyingine.

Kwa upande wa virusi, aliyehofia kuambukizwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili aanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi. Tembe za dharura za uzazi hazina msaada wowote katika hilo.

LA KUULIZA HOSPITALINI

Katika hospitali na zahanati za umma njia za kupanga uzazi hutolewa bila malipo, ingawa akiba huweza kupungua kulingana na ugavi. Ndiyo sababu nyingine ya kujua njia zaidi ya moja: inayokosekana leo isikuache mikono mitupu.

Kabla hujaondoka mbele ya muuguzi, uliza mambo haya. Je, njia hii huanza kazi leo au baada ya siku 7? Nikisahau au nikichelewa, nifanye nini? Dawa ninazomeza, za Ukimwi, kifua kikuu au kifafa, zinagongana nayo? Inanikinga na magonjwa? Kama hainikingi, niongeze nini? Na mtaje dawa zako zote bila haya. Muuguzi asiyejua kuwa unatibiwa kifua kikuu hawezi kukuonya.

Mazungumzo na mwenzako ni magumu zaidi. Wako wanawake wanaodungwa sindano kwa siri kwa sababu mume hataki kusikia habari za uzazi, na kwao kondomu ni ombi lisilotamkika. Hapo ndipo umuhimu wa kuwa na njia iliyo mikononi mwa mwanamke mwenyewe unapoonekana. Lakini mume anayejua kwamba kinga maradufu humlinda yeye pia, na humpa mkewe nafasi ya kupumua kati ya mtoto na mtoto, ana sababu ya kuisikiliza.

Gharama ya kupuuza jambo hili inajulikana. Mwaka 2012 watafiti walikadiria kwamba mimba karibu 465,000 ziliavywa nchini Kenya, nyingi kwa njia zisizo salama, na wanawake wapatao 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Wengi wao hawakutaka kufika pale. Mimba iliwaingilia katika mwanya mdogo: siku 7 za mwanzo, pakiti iliyosahauliwa, sindano iliyopitwa na tarehe, mtoto aliyeanza uji mapema. Mwanya wa namna hiyo huzibwa na njia ya pili iliyochaguliwa kwa maarifa, nayo mara nyingi si zaidi ya kondomu inayotolewa bure katika zahanati iliyo karibu.